Jibu: panya, moyo na mafuta ya kanola

Dada, umeuliza kama uyamwage mafuta ya kanola kwa sababu umesoma kwamba panya waliolishwa mafuta hayo waliharibika moyo. Usiyamwage. Panya wale walipewa mafuta ya mbegu za zamani za rapa, mmea uliozaa kanola, yenye asidi ya erusiki (aina ya asidi ya mafuta) nyingi mno. Mafuta yakajazana kwenye misuli ya moyo, baadaye makovu. Ndipo Wakanada wakazalisha mbegu mpya ya rapa, ndiyo kanola, na kanola ya leo ina asidi hiyo chini ya asilimia 2.

Sasa sikiliza hapa, maana watu hupotoshwa sana: panya dume hupata vidonda vya moyo hata akilishwa mafuta mengi ya soya. Ni udhaifu wake. Nguruwe na nyani walipojaribiwa kwa kanola, hayo hayakuonekana. Jaribio la muda mrefu kwa panya huchukua takriban miaka 2, karibu maisha yake yote, na lazima liwe na kundi jingine la panya la kulinganisha nalo, linalokula mafuta tofauti kwa kiasi kilekile. Habari isiyotaja kundi hilo, usiiamini.

Mimi hapa Nairobi nahofia zaidi mafuta ya chipsi yanayorudiwa mpaka yanakuwa meusi. Hayo ndiyo ya kuwakataza watoto.