Samli moja imeungua, nyingine imechacha

SWALI: Habari dada, naomba msaada maana nimechoka kumwaga siagi. Nimejaribu kutengeneza samli nyumbani mara mbili, ya kwanza iliungua ikawa chungu, ya pili nikaogopa nikaipua mapema, ilionekana safi tu lakini baada ya wiki mbili ikaanza kunuka uchachu na chini nikakuta kimaji cheupe. Nakosea wapi? Na zile chembechembe kama sukari ikiganda, ndo imeharibika?

JIBU: Pole mdogo wangu, ya kwanza uliipitiliza na ya pili hukuifikisha, basi. Siagi sio mafuta matupu, kwenye gramu 100 mafuta ni kama 80 tu, maji ni kama 16 na kinachobaki ni vichembe vya maziwa. Kile kimaji ulichokikuta ndo hayo maji na maziwa yake, hayakutoka yote, na ndo yaliyochacha.

Sasa safari hii sikiliza sufuria. Chukua yenye kitako kizito, siagi isiyo na chumvi, moto mdogo tangu mwanzo. Ikishayeyuka itaanza kupiga kelele tatatata na povu jeupe juu, ni maji yanachemka hayo, na maji yakiwepo joto linabaki karibu na nyuzi 100 kwa hiyo hapo haiungui, usihangaike. Kelele ikianza kufifia ndo usiondoke hata kidogo na simu weka mbali!! Maji yameisha, joto linapanda haraka na vichembe vilivyozama vinaanza kubadilika rangi. Sogeza povu kwa kijiko uchungulie: mafuta yawe maangavu mpaka unaona kitako cha sufuria, vichembe vya rangi ya dhahabu, harufu kama karanga zinakaangwa. Ipua hapohapo, usisubiri ikolee maana sufuria nzito inaendelea kupika hata moto ukizimwa. Nusu kilo inachukua kama dakika 20 mpaka 30 ila mi saa siiamini, naamini ile kelele.

Acha ipoe kidogo, chuja kwa kitambaa safi kikavu, utapata karibu gramu 400. Chupa iwe kavu kabisa, na usiifunike ikiwa bado ya moto maana mvuke unageuka matone kwenye kifuniko yanadondokea ndani, hapo umerudisha maji uliyoyatoa kwa nusu saa nzima. Kijiko chenye majimaji vilevile hapana.

Chembechembe wala zisikutishe, mafuta yakipoa polepole hayagandi yote kwa pamoja, na wengine tunaipenda hivyohivyo. Ile iliyochacha usijaribu kuichemsha upya, mwaga. Na kama umekosa siagi isiyo na chumvi tumia tu ya chumvi, chumvi nyingi itabaki chini na vichembe, ila povu litakuwa jingi kwa hiyo chukua sufuria kubwa zaidi.