Sura halisi lakini kama ndoto: jibu langu kwa aliyeuliza

Ndugu, umesema unawapenda watu wa mchoraji Lynette Yiadom-Boakye, ila ukichora wewe wanatoka kama picha za kitambulisho, ukauliza sura ifanyweje iwe halisi lakini kama ndoto. Mimi huchora sura kwa rangi za mafuta hapa Langoni, Lamu, basi nakujibu kwa ninavyofanya.

Kwanza, watu wale hawapo. Yiadom-Boakye, Mwingereza mwenye asili ya Ghana aliyezaliwa London mwaka 1977, hamkalishi mtu mbele yake. Huwaunda kwa kumbukumbu, picha za kuokotaokota na mawazo yake. Wengi wao hawana viatu, maana kiatu humtaja mtu ni wa zama zipi. Ndoto inaingia hapo, kwa kinachokosekana. Sisi tukisikia ndoto tunakimbilia mabawa na samaki wanaoelea darini. (Yanauzika kwa watalii, sikatai.)

Huku kwetu kishawishi ni kikubwa. Mkalishe mzee dakani, nyuma mlango wa nakshi, kichwani kofia ya kushonwa kwa mkono, pembeni kipande cha tanga: tayari umechora kadi ya posta. Mimi humwacha mzee, mlango nikautoa. Nyuma yake napaka hudhurungi iliyokoza, karibu sawa na ngozi yake, na ukingo wa shavu la kivulini nauacha uzame humo humo. Jicho la upande wa pili ndilo nahangaika nalo.

Ngozi usiitie nyeusi ya tyubu, itakufa. Changanya amba iliyochomwa (hudhurungi ya udongo, burnt umber) na bluu ya ultramarini. Kisha angalia mwanga: vichochoro vyetu ni vyembamba, jua la mchana hugonga ukuta wa chokaa wa jirani na kurudi usoni kwa upole, chini ya kidevu kukawa na joto, juu ya paji kukawa na ubuluu wa mbingu. Ubuluu huo mdogo wengi hawauoni, na picha nzima inausubiri.

Jambo jingine, Yiadom-Boakye alijulikana kwa kumaliza picha nyingi kwa siku moja, rangi ingali mbichi. Jaribu. Ukirudi kesho amba imeshaanza kushika, kwani ina madini ya manganizi yanayoikausha upesi, na kingo haziyeyuki tena ulivyotaka.

Tuwekee picha moja hapa tuione. Piga kivulini, uzime flashi.