Kusomea tiba ya ndoa na familia California: hesabu saa kabla ya kuomba chuo

Wengi wanaotaka kuwa wataalamu wa tiba ya ndoa na familia huanza kwa kuuliza chuo gani kizuri. Swali hilo lina wakati wake, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: leseni utaiomba jimbo gani? Marekani kila jimbo lina sheria yake, na unachosoma leo kitakuja kukaguliwa na bodi ya jimbo karatasi kwa karatasi, miaka minne au mitano baadaye. Hapa tunazungumzia California, jimbo lililotangulia kutoa leseni ya kazi hii mwaka 1963. Bodi yake inaitwa Board of Behavioral Sciences, na wanafunzi wote huiita BBS.

Hesabu yenyewe iko hivi. Unahitaji shahada ya uzamili yenye uniti 60 za mihula, au 90 kwa vyuo vinavyogawa mwaka kwa robo. Juu yake kuna saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi, zilizosambaa katika wiki zisizopungua 104. Kati ya hizo, saa 1,750 au zaidi ziwe za kuhudumia wateja moja kwa moja, na ndani ya 1,750 hizo, 500 ziwe za wanandoa, familia au watoto. Zinazobaki, zisizozidi 1,250, ni za kukutana na msimamizi, kuandika kumbukumbu, kuhudhuria warsha na kumpigania mteja kwenye ofisi nyingine. Mwisho kuna mitihani miwili.

Ukigawa 3,000 kwa 104 unapata saa 29 kwa wiki, na mtu anapumua: kumbe si nyingi! Kinachochelewesha watu ni zile 1,750. Hizo ni karibu saa 17 za wateja kila wiki kwa miaka miwili bila kupumzika, na wateja hawaji wote. Gari limekufa, mtoto ana homa, mume amegoma mlangoni. Chukulia tu kwamba mmoja kati ya watano hatokei: itabidi uwe na miadi 21 kwenye daftari ili upate 17. Kliniki isiyoweza kukupa miadi 21 haitakumalizia saa zako kwa miaka miwili, hata kama watu wake ni wema kiasi gani. Zile 500 za familia nazo zina mtego wake. Kliniki nyingi za jamii hupokea zaidi mtu mmoja mmoja, kwa hiyo unaweza kufika saa 2,500 ukagundua una wanandoa wa kuhesabu kwa vidole. Nafuu ni kwamba saa za mtoto peke yake zinaingia humo. Kazi ya shuleni, ambayo wengi huikwepa kwa kuiona ya chini, huziba pengo hilo haraka.

Sasa ndipo tuje kwenye chuo. California haikulazimishi kusoma programu yenye ithibati ya COAMFTE, chombo kinachokagua mafunzo ya fani hii peke yake. Inatosha chuo chenyewe kiwe na ithibati inayokubalika na bodi, na programu ifuate mtaala wa sheria ya jimbo. Lakini majimbo mengine huitazama sana COAMFTE, na maisha ya ugenini hayatabiriki: leo uko San Diego, kesho ndugu zako wote wamehamia Texas au Ohio. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua yenye ithibati hiyo. Mazoezi yake, yaani kuhudumia wateja halisi ukiwa bado masomoni, pia ni mazito zaidi. COAMFTE inadai saa 300 za wateja wakati wa masomo, 100 kati yake zikiwa za wanandoa au familia walio pamoja kwenye kikao. Sheria ya California inaridhika na 225, na katika hizo 75 zinaweza kuwa za kumtetea mteja badala ya kikao.

Anayepanga kurudi nyumbani apime upya. Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014, na uzamili wa tiba ya ndoa na familia unafundishwa Nairobi, kwenye vyuo vya USIU-Africa na Pan Africa Christian University. Kwenda kulipa karo ya California kwa kazi utakayoifanyia Kisumu au Arusha kunahitaji sababu nzuri kuliko jina la chuo.

Ukiongea na ofisi ya udahili, usiulize kuhusu maktaba. Uliza nani anayetafuta kituo cha mazoezi, wewe au chuo. Vyuo vingi hukupa orodha tu na kukuacha ukimbizane nayo, na usaili wa vituo hufanyika miezi kadhaa kabla ya mazoezi kuanza, wakati wewe bado unahangaika na nadharia. Uliza mazoezi yanaanza muhula wa ngapi na yanadumu miezi mingapi. Uliza kama wanafunzi wanasimamiwa kwa kurekodiwa video au kutazamwa nyuma ya kioo, au kwa kusimulia tu. Msimamizi anayesikiliza masimulizi anasikia kile ulichogundua, na makosa ya mwanafunzi huwa hasa kwenye yale ambayo hakuyagundua.

Mwombaji kutoka Afrika Mashariki ana kikwazo kingine: shahada ya kwanza ya miaka mitatu. Baadhi ya vyuo vya Marekani huihesabu sawa na ya miaka minne, vingine havikubali. Andikia ofisi ya udahili kabla ya kulipia tathmini ya vyeti, na uulize wanakubali tathmini ya kampuni ipi. Nakala za matokeo mara nyingi lazima zitoke chuo chako cha zamani moja kwa moja, kwa hiyo anza kukisumbua mapema. Katika barua ya maombi, talaka ya wazazi wako iandike kwa sentensi mbili. Wasomaji wa barua hizo wanataka kuona kama unaweza kuzungumzia jeraha bila kuzama ndani yake, na kurasa tatu za machozi zinawajibu vibaya.

Kwa mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, soma sehemu hii mara mbili. Baada ya kuhitimu unapata OPT, ruhusa ya kufanya kazi ya miezi 12. Fani hii haiko kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), kwa hiyo ile nyongeza ya miezi 24 wanayopata wahandisi haikuhusu. Saa 3,000 hazikai ndani ya miezi 12, hasa kwa kuwa bodi haihesabu zaidi ya 40 kwa wiki. Kinachokuokoa ni saa za masomoni: bodi inapokea hadi 1,300 zilizopatikana kabla ya kuhitimu, ingawa kati yake za wateja na za msimamizi kwa pamoja zisizidi 750. Wiki zake nazo zinaingia kwenye zile 104. Mwenye mazoezi ya wiki 60, saa 18 kwa wiki, anahitimu na 1,080. Akifanya kazi saa 36 kwa wiki kwa wiki 52 za OPT anaongeza 1,872. Jumla ni 2,952, na hapo hajaugua hata siku moja wala hajasubiri kadi ya kazi. Kwa maneno mengine, programu yenye mazoezi ya miezi tisa imekwisha kukufungia mlango kabla hujafungua begi. Mazoezi hayo yenyewe yanahitaji CPT, kibali cha kufanya kazi ukiwa bado masomoni, na yawe ya saa 20 kwa wiki au pungufu. CPT ya muda wote ikifika miezi 12, OPT yako inafutika. Kwa mambo ya viza msikilize afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni, si mwanafunzi mwenzako.

Saa hazianzi kuhesabiwa siku ya kwanza ya darasa. Lazima kwanza umalize uniti 12 za mihula. Ukiwa mwanafunzi, kila saa tano za wateja zinadai kipimo kimoja cha usimamizi, yaani saa moja peke yako au mkiwa wawili, au saa mbili za kundi lisilozidi watu wanane. Mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi kwenye kliniki ya mtu binafsi. Baada ya kuhitimu, ukiwa mtarajali aliyesajiliwa, wiki utakayopita saa 10 za wateja kwenye kituo kimoja inadai kipimo cha pili. Kipimo kikikosekana, saa za wiki hiyo zinakuwa hatarini. Watu wamepoteza saa nyingi kwa sababu msimamizi alisafiri na hakuna aliyeshika nafasi yake.

Kwenye chumba cha tiba chenyewe, kitu cha kwanza utakachofundishwa ni kuchora ukoo: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, alama ya X kwa aliyefariki, vizazi vitatu au zaidi kwenye ukurasa mmoja. Mtindo huu unatokana sana na kazi ya Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani, na umejengwa juu ya familia ya baba, mama na watoto. Ukimhudumia mama aliyetoka Bukavu au Tanga, ukimuuliza ana ndugu wangapi atakutajia kumi na wanne. Uliza maswali mawili: mliozaliwa tumbo moja ni wangapi, na mliolelewa nyumba moja ni wangapi. Kisha uliza nani alitoa mahari na nani hukaa kikao ndoa ikitetereka. Hapo ndipo utamwona ba mkubwa aliyeko Dar es Salaam anayeamua mambo ya nyumba ya Sacramento kwa simu, naye mchoro wa kitabuni ungemwacha nje.

Kiswahili ni mtaji, lakini kina gharama zake. Msimamizi wako huenda hajui hata neno moja, na video yako kwake ni sauti tu. Njia inayofanya kazi ni kuchagua dakika kumi, kuziandika neno kwa neno, na kuweka tafsiri chini ya kila mstari. Itakula jioni nzima. Ila ukifupisha utafanya makosa ya aina hii: mteja anasema "nina mawazo sana", wewe unatafsiri kwamba ana fikra nyingi, na msimamizi anaanza kufikiria ugonjwa unaofanya fikra ziende mbio, kumbe mtu ana huzuni na hofu ya kodi ya nyumba. Usikubali kamwe mtoto amtafsirie mzazi wake. Siku hiyohiyo unapotaka kujua nani mkubwa nyumbani, umemkabidhi mtoto kiti hicho.

Kuna na salamu. Maadili ya kazi yanakutaka usiwe wa kwanza kumsalimia mteja ukikutana naye nje, usije ukaifichua siri yake. Kwa Mswahili huo ni utovu wa adabu mkubwa, na mteja aliyekuzidi umri anasubiri shikamoo yake. Liseme kikao cha kwanza kabisa: "Nikikuona dukani sitakuamkia mpaka uniamkie wewe, na sababu ni kulinda siri yako." Kama mnasali msikiti mmoja au kanisa moja, zungumza na msimamizi kabla ya kumpokea.

Makosa yanayovuruga kazi ya wanandoa ni machache na yanajirudia. Mume anakupigia katikati ya wiki, anakiri ana mwanamke mwingine, anakuomba usiseme. Ukinyamaza, umekuwa mshirika wake. Ukisema, umevunja ahadi. Dawa yake ni kueleza sera ya siri kwa maandishi na kuisainisha kabla ya kikao cha kwanza, siyo baada ya simu hiyo. Kosa la pili ni kutomuuliza kila mmoja peke yake kuhusu kupigwa. Aliyepigwa jana hatajibu ukweli mbele ya aliyempiga, na kikao cha pamoja kinaweza kumletea kipigo kingine njiani. La tatu ni kuegemea upande wa anayeongea vizuri zaidi. Hili huwezi kuliona mwenyewe, video inalionyesha.

Ukishuku kwamba mtoto anadhulumiwa, wewe ni mtu wa lazima wa kutoa taarifa: unapiga simu mara moja, na ripoti ya maandishi inafuata ndani ya saa 36. Kumwarifu msimamizi hakukuondolei wajibu huo. Hapa wanafunzi wetu husitasita, wakiwaza jinsi mambo haya yanavyomalizwa na wazee nyumbani. Sheria haiwatambui wazee.

Karatasi: jaza saa zako kila wiki na zisainiwe kila wiki. Siku unayoondoka kituoni, ondoka na fomu ya uthibitisho yenye saini ya msimamizi, maana wasimamizi huhama, hustaafu, hufariki. Maombi ya usajili wa mtarajali yafike BBS ndani ya siku 90 tangu shahada itolewe. Ukifanya hivyo, saa za kipindi cha kungoja namba zinahesabiwa, mradi mwajiri alikuchukua alama za vidole kabla hujaanza. Ukichelewa, zinaanza namba ikitoka. Mtihani wa sheria na maadili, maswali 75 kwa dakika 90, ufanye mwaka wa kwanza wa usajili. Ukishindwa unasubiri siku 90 kurudia, na usipoujaribu kabisa usajili hauhuishwi. Ule wa kitabibu, maswali 170 kwa saa nne, unakuja saa 3,000 zikishakubaliwa.

Namba ya mtarajali huishi miaka sita. Ikiisha kabla hujamaliza unaweza kuomba nyingine, lakini kwa namba hiyo ya pili huruhusiwi kufanya kazi kwenye kliniki ya mtu binafsi, na saa zilizopitisha miaka sita zinadondoka nyuma yako moja baada ya nyingine, isipokuwa zisizozidi 500 za mazoezi ya chuoni.