Seva ina viini 16, kumbe anayebeba mzigo ni mmoja

Mkuu, umesema seva yako ya PPPoE (njia ya kuwaunganisha wateja kwa jina na nenosiri) ina prosesa mbili za viini (core) 8 kila moja, CPU haizidi 20%, na bado ikifika saa mbili usiku wateja wanalia intaneti inakwama. Yalinikuta haya haya kwa mtoa huduma mdogo niliyekuwa namfanyia kazi, nikapoteza wiki nzima nikihangaika na visivyohusika.

Hiyo 20% ni wastani, inakudanganya. Fungua `top`, bonyeza 1 uone kila kiini peke yake. Mimi nilikuta CPU0 iko 100%, karibu yote kwenye `si` (muda unaoliwa na kushughulikia pakiti), ksoftirqd/0, mchakato wa keneli unaofanya kazi hiyo, imekaa kileleni, wenzake wanapunga upepo. Kisha piga `grep eth0 /proc/interrupts` (eth0 ni mlango wa upande wa wateja, interapti ni kadi kuiita CPU), subiri sekunde chache, piga tena. Kwangu mstari wa eth0-TxRx-0, yaani foleni ya kwanza ya kadi, ulikuwa unakimbia, TxRx-1 hadi 7 zimelala fofofo.

Kadi ya mtandao hugawa pakiti kwenye foleni zake kwa kupiga hesabu ya anwani za IP na namba za poti. Kadi nyingi haziwezi kuchungulia ndani ya fremu ya PPPoE, kwa hiyo zote wanazotuma wateja zinatupwa foleni ya 0. Zinazoshuka kutoka juu zinafika eth1, mlango wa upande wa intaneti, zikiwa IP ya kawaida, zinagawanyika vizuri tu. Hapo ndipo nilipopotea: mteja analalamika kwamba kudownload ni taratibu, wakati kinachodondoka ni ACK (uthibitisho wa kupokea data) anazorudisha yeye.

Irqbalance, programu inayogawia viini interapti, haitakuokoa. Foleni ni moja. Kuihamishia kiini kingine ni kumbadilishia mgonjwa kitanda.

Dawa ni RPS (Receive Packet Steering), imo kwenye keneli ya Linux tangu 2.6.35 ya mwaka 2010. Keneli yenyewe inaisoma PPPoE na kuwagawia viini vingine kazi. Ila usifanye haraka kama mimi: niliandika `ffff` (heksadesimali, kila biti ni kiini kimoja, yaani vyote 16) kwenye /sys/class/net/eth0/queues/rx-0/rps_cpus, nikapata nafuu kiduchu. Nusu ya viini hivyo vilikuwa prosesa ya pili, mbali na kadi, pakiti zinavuka ng'ambo bure. Angalia kwanza /sys/class/net/eth0/device/numa_node (kadi iko nodi ipi, yaani karibu na prosesa ipi), halafu `lscpu` uone viini vya nodi hiyo. Kwangu nodi 0 ilikuwa na namba shufwa tu: 0, 2, 4 hadi 14. Nikaiacha CPU0 ipokee interapti, wengine saba wakapata `5554`. Usiku ule simu hazikuita.

Zile sysctl (mipangilio ya keneli) za kunakili, tcp_rmem na ndugu zake, achana nazo. Seva yako inapitisha pakiti za watu, miunganisho ya TCP si yake. Ya kugusa ni netdev_max_backlog, tena baada ya kuwasha RPS, maana hapo kila kiini kinakuwa na foleni yake yenye kikomo hicho, kawaida 1000. Safu ya pili ya /proc/net/softnet_stat ikipanda, pakiti zinamwagwa. Namba zake ni za heksadesimali, usishtuke. Yangu ilitulia kwenye 5000.

Halafu mipangilio hii iweke kwenye skripti ya kuwakia. Mimi sikuweka. Umeme ulikatika Jumapili, seva ikawaka upya na rps_cpus ikarudi sifuri. Saa mbili usiku simu zikaanza upya, na mimi niko harusini.