Shangazi, Pasaka ikipita na imani yangu hupoa

*Shangazi, Kwaresima nzima nafunga, nasoma Biblia na kila Ijumaa nasali Njia ya Msalaba. Pasaka ikishapita wiki mbili tu, sisali tena. Jumapili nalala, maana nafanya kazi ya zamu hospitalini. Mume wangu hunitania kwamba mimi ni Mkatoliki wa msimu. Nifanyeje? – Mama wa watoto wawili, Morogoro*

Mwanangu, utani huo umekuuma, na naona haukutendei haki. Mkristo wa msimu hakosi usingizi kwa jambo hili.

Kwaresima ilikushika kwa siku maalumu, watu wa kusali nao na tarehe ya mwisho. Pasaka ikifika, vyote huondoka kwa mpigo. Wengi hapo hujiapiza kusali saa nzima kila siku, siku ya nne wanashindwa, wanaona aibu, wanaacha kabisa. Aibu hiyo huwatoa watu kanisani kuliko uvivu.

Kumbuka kwamba Kanisa huadhimisha Pasaka kwa siku 50, hadi Pentekoste. Kuanzia Jumatatu ya Pasaka hadi Pentekoste yenyewe ni siku 49. Injili ya Yohana ina sura 21, Matendo ya Mitume 28, jumla 49. Soma sura moja kwa siku. Vitabu hivyo ndivyo vinavyosomwa sana katika Misa za kipindi hicho, kwa hiyo utakuwa ukisali pamoja na Kanisa zima. Kama umechelewa, anza leo na Yohana 1. Sura ya 6 ina aya 71, igawe mara mbili. Ukikosa siku, usisome sura mbili kulipa deni, endelea tu na inayofuata. Madeni yakirundikana ndipo kitabu hufungwa.

Usipange kusoma saa fulani, maana zamu zitakuvuruga. Soma ukiamka, kabla ya kushika simu, hata kama umeamka saa nane mchana baada ya zamu ya usiku.

Kuhusu Jumapili, Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Misa ya Jumapili. Ulizia ratiba za parokia za jirani, si yako tu. Na siku ambayo huwezi kuwaacha wagonjwa, hujatenda dhambi. Soma masomo ya siku hiyo wakati wa mapumziko.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote: rudi kwenye jumuiya ndogo ndogo, kile kikundi cha Wakatoliki wa mtaani kwako wanaosali pamoja. Sala ya peke yako ndiyo hupoa kwanza, kwa sababu ukiiacha hakuna anayejua. Mweleze mwenyekiti zamu zako waziwazi, kisha omba kazi ndogo: kusoma somo, kuanzisha nyimbo, kutembelea mgonjwa mmoja wa jumuiya. Mwenye kazi akikosekana huulizwa, na kuulizwa huko ni upendo. Hata ukihudhuria mara mbili kwa mwezi, tayari una watu.

Ijumaa pia usiiache. Kwa Wakatoliki, Ijumaa za mwaka mzima ni siku za toba, isipokuwa inapoangukia sherehe kubwa, kama ile ya wiki ya kwanza ya Pasaka. Acha nyama siku hiyo, na fedha uliyookoa mpe mwenye shida.

Halafu usipime imani kwa msisimko wa usiku wa Mkesha wa Pasaka. Petro alikwisha kumwona Bwana mfufuka, bado akasema anakwenda kuvua samaki. Yesu alimfuata ufukweni, akawaandalia yeye na wenzake kifungua kinywa, ndipo akamuuliza Petro kama anampenda. Imo katika Yohana 21, utaifikia.

Mumeo usimjibu kwa maneno. Siku umerudi umechoka, mpe Biblia umwombe akusomee sura ya siku hiyo kwa sauti, watoto wakiwepo.