Kemia niliyoifeli ilinifuata hadi karakana

Juzi dogo mmoja wa Mbale kaniandikia: "Kaka, metali zinanichanganya. Nikariri vipi mpangilio wake, ipi kali kuliko ipi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi kemia niliifeli. Kwenye mtihani wa majaribio niliandika kwamba sodiamu huhifadhiwa ndani ya maji ili isiguse hewa, na mwalimu akalisoma jibu langu mbele ya darasa zima. Kicheko kile nakisikia hadi leo.

Sodiamu hulazwa kwenye mafuta ya taa. Ukiitia majini huyeyuka ikawa kitone, hukimbia huku na huku ikitoa hidrojeni. Potasiamu ni kali zaidi, huwaka moto wa zambarau. Kalsiamu hutoa mapovu bila fujo. Magnesiamu kwa maji baridi husuasua, ila kwenye mvuke huwaka. Zinki na chuma navyo mpaka viwe vya moto, uvipitishie mvuke. Shaba, fedha na dhahabu hazina habari na maji. Basi, ndiyo yote niliyochekewa.

Nikaishia Katwe, mtaa wa Kampala, kuchomelea vyuma. Mwaka wa pili nikapata kazi ya geti kule Ggaba, karibu na ziwa. Nilinunua mabomba yaliyopakwa zinki, nikamwapia mwenye nyumba kwamba kutu hataiona. Nikachomelea, moshi mweupe ukafuka. (Wazee wa karakana husema unywe maziwa. Nimeyanywa sana, na homa ya usiku ilikuja vilevile. Fanyia kazi penye upepo.) Nikapiga rangi ya fedha juu kwa juu, hata lile ganda linalobaki kwenye maungio baada ya kuchomelea sikuligonga. Nikala hela.

Masika mawili hayakuisha, simu ikaita. "Fundi, njoo uone geti lako linavyotokwa damu." Nilikuta michirizi ya kahawia, na yote ilianzia pale nilipochomelea. Bomba lenyewe safi kabisa! Zinki ni nyepesi kuliwa kuliko chuma, kwa hiyo huliwa yenyewe kwanza, chuma kikapona. Mimi nilikuwa nimeichoma yote kwenye maungio, ule moshi mweupe ndiyo zinki yenyewe ikiondoka. Chuma kikabaki uchi, kikapata maji na hewa kwa pamoja. Nilirudia kazi nzima kwa hela yangu: msasa, rangi ya zinki kila ungio, kisha rangi ya juu.

Kwa hiyo dogo, usikariri. Chukua misumari mitatu. Mmoja utie kwenye chupa kavu iliyofungwa, wa pili kwenye maji yaliyochemshwa na mafuta ya kupikia juu yake, wa tatu kwenye maji ya bomba. Ngoja wiki, utazame upi umeshika kutu. Nasema tena, usikariri. Vijana mnapenda kukariri kwa sababu kutazama kunachosha, halafu mnalia matokeo yakitoka. Nilikuwa hivyohivyo.

Geti la Ggaba bado limesimama. Nikipita na boda humwambia dereva apunguze mwendo, nikague maungio.