Kabla ya kupanda mlima wa kwenda Matamba na mvua, ujue fowili (4WD) ya gari lako inaamka saa ngapi

Huku Nyanda za Juu Kusini mvua ikianza Novemba haiachii mpaka Aprili, mara nyingine Mei. Miezi hiyo ndugu na marafiki wanaotafuta gari la kwendea kijijini hunipigia simu wakiwa yadi ya kuuzia magari, na habari huwa ileile: "Kaka, nimelipata, lina fowili," yaani 4WD, linaweza kuvuta kwa tairi zote nne. Mimi huwauliza kitu kimoja tu. Tairi za nyuma zinaanza kuvuta lini? Kuna gari ambazo tairi hizo zinavuta muda wote, kuna ambazo zinasubiri mpaka za mbele ziteleze, na kuna ambazo hazivuti kabisa mpaka wewe dereva uingize gia. Yote hayo yameandikwa 4WD mgongoni, lakini kwenye tope hayafanani.

Nianze na aina ya kusubiri, maana ndiyo iliyojaa mitaani na ndiyo inayowaangusha wengi. Fielder na Probox nyingi za 4WD zina kikopo kilichofungwa katikati ya propela (chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma) na difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili), ndani yake mna visahani na majimaji mazito ya silikoni. Tairi za mbele zikizunguka kuliko za nyuma, visahani vinayakoroga yale majimaji, yanapata moto, yanakaza, ndipo nyuma panaanza kusukuma. Kwenye lami yenye maji au moramu iliyolowa mfumo huu unatosha kabisa. Unasikia pua inateleza kidogo, halafu gari linasukumwa kutoka nyuma na kunyooka.

Tatizo lipo kwenye mlima wa udongo mwekundu. Mpaka nyuma paamke, tairi za mbele zimeshausugua udongo ukawa laini kama sabuni, na hapo hata ukipata tairi zote nne umechelewa. Kwa hiyo gari la aina hii lipandishe likiwa tayari na mwendo. Chagua gia ukiwa bado chini ya mlima, shika mafuta kwa kiasi kimoja, na usisimame katikati ya mlima kumsalimia mtu. Likikataa, usilipige resi hapohapo. Rudi nyuma taratibu hadi pakavu, uanze upya.

RAV4 ya kizazi kilichoanza 2005, Vanguard na X-Trail zinafuata wazo lilelile, ila badala ya kikopo zina klachi ya umeme. Kompyuta inasoma mguu wako, usukani na mwendo wa kila tairi, kwa hiyo nyuma panaamka mapema zaidi, hata unapoondoka tu. Humo ndani kuna kitufe au swichi ya LOCK, ya kuifunga klachi ili nyuma pavute bila kusubiri, ambayo watu hawaigusi mpaka gari limeshazama. Ibonyeze kabla hujaingia kwenye tope. Kwenye RAV4 ukizidi kama kilomita 40 kwa saa inajiachia yenyewe, kwa hiyo ukipunguza mwendo uibonyeze tena. X-Trail ya T31 ina swichi ya kuzungusha yenye 2WD, AUTO na LOCK, na nimekuta nyingi zimewekwa 2WD kuokoa mafuta, mwenye gari hana habari.

Jambo jingine kuhusu hizi klachi: zikihangaika muda mrefu kwenye tope zito zinapata moto, na gari linazikata ili zisiungue. Taa inawaka kwenye dashibodi, unabaki na tairi za mbele peke yake. Gari halijafa. Simama, liache injini inaunguruma pole pole, lipoe, fowili itarudi. Nawaonea huruma wanaoendelea kukanyaga mafuta pale, maana ndipo klachi inapoungua kweli.

Subaru ni habari nyingine. Kwenye nyingi zake nyuma panavuta muda wote. Zile za gia za mkono zinagawa nusu kwa nusu, na nyingi za otomatiki huanzia karibu 60 mbele na 40 nyuma, halafu kompyuta inabadilisha kadiri ya utelezi. Faida yake unaisikia barabarani zaidi kuliko porini: mvua inapiga, lami imetuama maji, unatoka kwenye kona na kukanyaga mafuta, gari linakaa kwenye mstari wake. Kwa utelezi wa juu juu nachagua Forester kuliko magari yote niliyoyataja hapo juu. Mpaka wake ni makorongo. Malori ya viazi na mbao yakishapita Makete mvua ikinyesha, yanaacha mifereji mirefu yenye mgongo katikati, na tumbo la Forester likishakaa juu ya ule mgongo tairi zote nne zinaelea. Hapo mgawanyo wa nguvu hausaidii kitu, linasaidia jembe.

Sasa magari ya kazi: Hilux, Land Cruiser mkonga, Jimny. Hizi kwa kawaida zinavuta nyuma tu, na Hilux tupu kwenye lami yenye mvua inarusha mkia vibaya, usije ukaidharau. Ukiingiza 4H, yaani fowili ya mwendo wa kawaida, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja bila difu ya katikati, ile ya kuziruhusu zizunguke kwa kasi tofauti. Ndiyo nguvu yake kwenye tope, na ndiyo sababu ukikata kona kwenye lami kavu usukani unakuwa mzito na gari linagoma kama limeshikwa breki. Lami ikianza, toa.

Lakini raha ya 4L, fowili ya gia nzito za mwendo mdogo, utaijua unaposhuka. Kutoka Matamba, kule juu Makete, kushuka Chimala kuna ile barabara inayoitwa Hamsini na Saba kwa wingi wa kona zake. Ukungu wa Kitulo umeshuka, udongo umelowa, upande mmoja ni genge. Weka 4L, gia ya kwanza au ya pili, ondoa mguu kwenye breki kabisa. Injini inalishika gari, tairi zote nne zinashuka kwa mwendo mmoja, na wewe unabaki na kazi ya usukani tu. Gari lisilo na 4L linategemea breki, na breki kwenye utelezi inafunga tairi, tairi likishafunga usukani haukusikii. Prado inakupa vyote viwili, inavuta tairi zote muda wote na ina 4L na kitufe cha kufunga difu ya katikati. Mafuta yake uyapangie bajeti.

Kusimama ni jambo ambalo fowili haihusiki nalo hata chembe. Kila gari lina breki tairi zote nne, liwe na 4WD au lisiwe nayo. Kushuka mlima Kitonga na mvua, anayekulinda ni tairi. Angalia ubavuni: magari mengi ya Japani yanakuja na tairi zilizoandikwa STUDLESS, ambazo ni za theluji. Mpira wake laini unaisha haraka kwenye joto letu, na kwenye lami yenye maji haushiki vizuri. Zitoe.

Na usichanganye tairi mpya mbili na vipara viwili. Tairi zenye mzingo tofauti zinazunguka kwa kasi tofauti, klachi ya katikati inasuguana safari nzima. Subaru wanataka tofauti ya mzingo isizidi milimita 6 hivi. Ukilazimika kufunga spea ndogo kwenye Subaru ya otomatiki ya gia nne, fungua boneti utafute kisanduku kilichoandikwa FWD, chomeka fyuzi, nyuma pataacha kuvuta mpaka utengeneze tairi.

Kwa aliyeko yadi sasa hivi: asome namba ya chesisi. RAV4 ACA31 ni 4WD, ACA36 ni 2WD. Vanguard ACA33 ni 4WD, ACA38 siyo. X-Trail NT31 ni 4WD, ikiwa T31 tupu ni ya tairi za mbele. Fielder NZE144 na Probox NCP55 zina 4WD, NZE141 na NCP51 hazina. Halafu uiname uchungulie chini. Kama huoni propela inayokwenda nyuma, na gari siyo haibridi (ya mafuta na umeme) yenye mota yake huko nyuma, mwambie dalali ashushe bei.